Sapu ya Uhasibu: Mwongozo Kamili wa Siku 28

Mwongozo huu ni wa mwanachuo wa mwaka wa kwanza aliyefungua matokeo, akakuta Uhasibu umeandikwa sapu, yaani mtihani wa marudio, na sasa ana wiki nne hivi kabla ya kuingia tena kwenye chumba cha mtihani. Unamfaa pia anayelikeri somo hili, yaani anayelibeba kulirudia, kwa mara ya pili.

Wengi wanaorudia Uhasibu huanguka tena kwa sababu ileile iliyowaangusha mwanzo: wanausoma kwa macho. Wanafungua kitini, wanafuata hesabu ambayo mwalimu ameshaikokotoa, kila mstari unaeleweka, wanafunga kitini wakiwa na amani. Siku ya mtihani wanapewa karatasi tupu na mkono haujui uanzie wapi. Uhasibu ni kazi ya mkono kama ushonaji. Mtu hawezi kujua kushona kwa kumtazama fundi.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina kalamu ndani yake. Usiruke hatua za mwanzo hata kama zinaonekana nyepesi, maana makosa mengi ya maswali makubwa huzaliwa huko.

## Vitu vya kuandaa kabla ya siku ya kwanza

- Mitihani iliyopita ya chuo chako, isiyopungua mitano. Maktaba huwa nayo, CR (kiongozi wa darasa) huwa nayo, na maduka ya kutoa kopi karibu na chuo mara nyingi huwa nayo. Miwili kati ya hiyo iwe imetungwa na mwalimu anayefundisha sasa.
- Ile karatasi ya wiki ya kwanza inayoorodhesha mada zote za somo.
- Kitabu kimoja cha mazoezi chenye majibu nyuma. Kimoja. Mwenye vitabu vitatu huishia kufanya sura ya kwanza mara tatu.
- Karatasi za A4 nusu rimu, yaani 250. Zikikuzidi wiki nne zikiisha, hukufanya mazoezi ya kutosha.
- Kikokotoo cha kawaida kinachoruhusiwa mtihani. Usifanyie mazoezi kwenye simu, kwa sababu vidole huzoea vitufe vya simu na siku ya mtihani simu haiingii.
- Kaunta buku moja ya kwaya mbili, itakayokuwa daftari la makosa.
- Rula, penseli, kalamu ya bluu na kalamu nyekundu.
- Saa ya mkononi au ya mezani.
- Pesa ya ada ya sapu kama chuo chako kinatoza, nauli na malazi. Sapu za vyuo vingi huangukia likizo, wakati bumu (pesa ya mkopo wa mwanafunzi) limeshaisha na hosteli hazina uhakika. Panga hili mapema. Mtu anayetafuta pa kulala hawezi kufikiria mizania.

## Hatua ya 1: Maliza mambo ya ofisini (siku ya 1)

Kabla ya kusoma chochote, nenda idarani au ofisi ya mitihani ukapate majibu ya maswali manne: mtihani ni tarehe ngapi na saa ngapi, usajili wa sapu unafungwa lini, alama za kozi waku (majaribio na kazi za muhula) zinahesabiwa kwenye sapu au mtihani unasimama peke yake, na alama ya kufaulu ni ngapi.

Swali la tatu lina uzito mkubwa. Vyuo vingi hugawa alama 40 za kozi waku na 60 za UE (mtihani wa mwisho wa muhula), lakini kwenye sapu kila chuo kina kanuni yake. Kama kozi waku haihesabiwi, ile 28 kati ya 40 uliyokuwa unaitegemea haipo, na unahitaji kufaulu kwa karatasi hii moja. Jua pia kwamba kwenye vyuo vingi daraja la juu kabisa la sapu ni C, hata ukipata 85. Lengo lako ni kupita, na kupita kwa nafasi ya kutosha.

Ukiamini alama zako zilikosewa kujumlishwa, rufaa ina siku zake na zikipita hakuna anayekusikiliza. Wasilisha rufaa, lakini endelea kujiandaa kama vile haipo.

Umefaulu hatua hii ukiwa na karatasi moja ukutani yenye majibu hayo manne, na risiti au uthibitisho wa usajili ndani ya faili.

## Hatua ya 2: Tafuta alama zilikopotelea (siku ya 2 na 3)

Chukua mtihani mmoja uliopita. Kaa saa tatu kamili, bila kitini, bila simu, bila chai katikati. Ukikwama, andika ulichoweza kisha songa mbele. Itauma, na watu wengi huikwepa hatua hii kwa kusema "ngoja kwanza nisome". Usingoje. Ukisoma kwanza hutajua unaumwa wapi.

Kesho yake, siku ya 3, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Pembeni ya kila alama uliyopoteza andika herufi moja:

- S: sikujua kabisa.
- K: nilijua lakini nilikosea, mfano kuandika namba vibaya au kuweka upande usio wake.
- M: muda uliisha.

Hesabu kila herufi ilikugharimu alama ngapi. Mwenye S nyingi anahitaji kurudi kwenye mada. Mwenye K nyingi hahitaji kusoma zaidi. Anahitaji mazoezi ya kasi ndogo na ukaguzi. Mwenye M nyingi anajua kazi lakini mkono ni mzito. Ni magonjwa matatu tofauti, na mtu anayeyatibu yote kwa kukesha na vitini haponi hata moja.

Sasa panga mitihani yote mitano mezani. Chora jedwali: mada upande wa kushoto, miaka juu, na kwenye kila chumba andika alama zilizotolewa. Kwa kawaida utaona hesabu ya faida na hasara pamoja na mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji), yenye marekebisho ya mwisho wa mwaka, ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, na nyuma yake zinafuata usuluhisho wa benki (kulinganisha daftari lako na taarifa ya benki), uchakavu (kupungua kwa thamani ya mali), kusahihisha makosa na vitabu visivyokamilika.

Onyo kuhusu kuotea: kuchagua mada tatu tu "zinazotokaga" ni kamari. Andaa mada zinazofikisha angalau alama 70 kwenye jedwali lako, ili hata swali moja likikukataa bado ubaki na njia.

## Hatua ya 3: Debiti na krediti mpaka ziingie mkononi (siku ya 4 hadi 8)

Debiti ni upande wa kushoto wa akaunti, krediti ni wa kulia. Kanuni nzima inaenea kwenye mistari miwili:

Mali, gharama, na alichojichukulia mwenye biashara huongezeka debiti, hupungua krediti.
Madeni, mtaji na mapato huongezeka krediti, hupungua debiti.

Sababu ya watu kuchanganyikiwa ni ujumbe wa benki. Mshahara ukiingia, benki inakuambia akaunti yako imekreditiwa, kwa hiyo kichwa kinakariri kwamba pesa ikiingia ni krediti. Kumbe benki inaongea kwa vitabu vyake yenyewe: pesa yako kwao ni deni wanalodaiwa na wewe, na deni huongezeka krediti. Kwenye vitabu vyako pesa hiyohiyo ni mali, na mali huongezeka debiti. Ukilielewa hili, nusu ya ukungu wa somo imeondoka.

Kila siku andika miamala 20. Kwa kila muamala jiulize maswali haya kwa mpangilio huu, kwa sauti kama uko peke yako: Akaunti zipi mbili zimeguswa? Kila moja ni ya aina gani? Imeongezeka au imepungua? Basi inakwenda upande gani?

Tazama huu, unaoangusha wengi. Mwenye duka amechukua mchele wa Sh 60,000 dukani akapeleka nyumbani kwake. Wengi wanakrediti mauzo. Hakuna mauzo hapo. Hakuna mteja wala bei ya kuuzia. Bidhaa alizonunua kwa ajili ya biashara zimepungua, kwa hiyo krediti manunuzi Sh 60,000, na debiti akaunti ya matumizi binafsi ya mwenye biashara Sh 60,000.

Mwingine: amenunua friji ya Sh 1,200,000 kwa mkopo, ya kutumia dukani. Akaunti ni ya vifaa, si manunuzi. Neno "manunuzi" kwenye Uhasibu ni la bidhaa za kuuza tu. Friji hiyohiyo kwa mtu anayeuza mafriji ingekuwa manunuzi.

Mtihani wenyewe unakuja kwa Kiingereza, na hapa wengi huangushwa na lugha kabla ya hesabu, hasa kwa kuchanganya mdai (anayeidai biashara) na mdaiwa (anayedaiwa na biashara). Tengeneza karatasi yenye safu mbili: kushoto istilahi 40 za Kiingereza kutoka kwenye mitihani iliyopita, kulia maana yake kwa Kiswahili chako mwenyewe. Funika upande mmoja, jipime kila asubuhi kwa dakika tano.

Umefaulu ukiweza kumaliza miamala 20 kwa dakika 25 ukiwa na makosa yasiyozidi mawili, siku mbili mfululizo. Kabla ya hapo usiende mbele, hata kama ratiba inasema uende.

## Hatua ya 4: Leja, urari, na namba zisizolingana (siku ya 9 hadi 11)

Hamisha miamala kwenye leja (kitabu cha akaunti zote), funga kila akaunti, kisha toa urari, yaani ile orodha ya masalio yenye safu ya debiti na safu ya krediti. Fanya mazoezi matatu kamili.

Jumla zisipolingana, usianze kupitia kila kitu upya. Fuata mpangilio huu:

1. Jumlisha tena safu zote mbili, safari hii kutoka chini kwenda juu.
2. Chukua tofauti. Tuseme debiti ni 24,380,000 na krediti 24,110,000. Tofauti ni 270,000. Tafuta kwanza kama kuna salio la 270,000 uliloliacha.
3. Gawa tofauti kwa mbili: 135,000. Tafuta salio la kiasi hicho. Kama ni la krediti nawe umeliweka debiti, tofauti huwa mara mbili yake.
4. Gawa tofauti kwa tisa. Ikigawanyika bila kubaki, huenda umegeuza tarakimu. Hapa 270,000 ÷ 9 = 30,000, kwa hiyo angalia kama umeandika 360,000 mahali pa 630,000.

Onyo: urari kulingana hakumaanishi vitabu ni sahihi. Yapo makosa sita yanayopita bila kuonekana: muamala ulioachwa kabisa, ulioingia kwenye akaunti ya mtu mwingine wa aina hiyohiyo, ulioingia kwenye akaunti ya aina isiyo yake, kama friji kuingizwa manunuzi, kiasi kilichokosewa pande zote mbili, pande zilizogeuzwa, na makosa mawili yaliyofidiana. Yajue yote sita kwa mfano wako mwenyewe. Hugeuka kuwa swali la nadharia lenye alama rahisi, na wengi huyaruka.

## Hatua ya 5: Marekebisho (siku ya 12 hadi 19)

Siku nane, kwa sababu hapa ndipo sapu inapopatikana au kukosekana. Swali kubwa hutoa urari, kisha chini yake maelezo (a), (b), (c) mpaka (f) hivi. Wanafunzi wengi wanaweza kupanga urari kwenye hesabu ya faida na hasara. Kinachowamaliza ni yale maelezo ya chini.

Shika sheria moja: kilichomo ndani ya urari kinaandikwa mara moja, kilichomo kwenye maelezo ya chini kinaandikwa mara mbili. Kilicho kwenye urari kimeshaingizwa pande zote mbili, kilicho chini bado. Kabla ya kuanza kukokotoa, pita kwenye kila herufi ya maelezo na uweke alama mbili ndogo za penseli pembeni: F kwa faida na hasara, Z kwa mizania. Ukitumia F weka vema, ukitumia Z weka vema. Herufi yenye vema moja ni deni.

Chukua zilizo ngumu moja moja.

Bidhaa za mwisho wa mwaka. Bidhaa zilizo kwenye urari ni za mwanzo wa mwaka. Za mwisho zipo kwenye maelezo: zitoe kwenye gharama ya bidhaa zilizouzwa, na uziandike kwenye mizania kama mali ya muda mfupi.

Malipo ya awali. Pango la Sh 3,600,000 lililipwa tarehe 1 Oktoba kwa miezi 12. Mwaka wa hesabu unaishia 31 Desemba. Chora mstari wa muda, usikokotoe kichwani: Oktoba, Novemba, Desemba ni miezi 3, sawa na Sh 900,000. Hiyo ndiyo gharama ya mwaka huu. Miezi 9 iliyobaki, Sh 2,700,000, ni mali ya muda mfupi kwenye mizania. Kosa la kawaida ni kuingiza 2,700,000 kama gharama na 900,000 kwenye mizania, kwa sababu mtu amehesabu miezi kuanzia Januari bila kutazama tarehe ya malipo.

Malimbikizo. Mishahara ya Desemba Sh 450,000 haijalipwa. Iongeze kwenye mishahara iliyo kwenye urari, na iandike kwenye madeni ya muda mfupi. Kazi imeshafanyika, kwa hiyo gharama ni ya mwaka huu hata kama pesa haijatoka.

Uchakavu. Soma maneno ya swali mara mbili. Mashine ilinunuliwa Sh 10,000,000, uchakavu ni 20% kwa mwaka. Kama ni kwa gharama ya kununulia, kila mwaka ni Sh 2,000,000. Kama ni kwa salio linalopungua, fuata hivi:

- Mwaka 1: 20% ya 10,000,000 = 2,000,000; inabaki 8,000,000
- Mwaka 2: 20% ya 8,000,000 = 1,600,000; inabaki 6,400,000
- Mwaka 3: 20% ya 6,400,000 = 1,280,000; inabaki 5,120,000

Anayechanganya njia hizi mbili anakosea mwaka wa tatu kwa Sh 720,000, na kosa hilo linashuka mpaka faida na mizania. Kosa la pili ni kuandika uchakavu wa mwaka mmoja tu kwenye mizania. Faida na hasara inabeba wa mwaka huu, 1,280,000. Mizania inabeba wa miaka yote, 4,880,000.

Madeni yasiyolipika na tengo la madeni yenye mashaka. Tengo ni kiasi kinachowekwa kando kwa ajili ya wadaiwa ambao huenda wasilipe. Hapa huanguka hata wanaojiona wako vizuri. Urari una wadaiwa Sh 8,600,000 na tengo Sh 250,000. Maelezo yanasema: futa madeni ya Sh 600,000, na tengo liwe 5% ya wadaiwa waliobaki.

Kwanza futa: 8,600,000 − 600,000 = 8,000,000. Kisha tengo jipya: 5% ya 8,000,000 = 400,000. La zamani lilikuwa 250,000, kwa hiyo ongezeko ni 150,000 tu. Faida na hasara inabeba 600,000 zilizofutwa na 150,000 za ongezeko, jumla 750,000. Mizania inaonyesha 8,000,000 − 400,000 = 7,600,000.

Makosa yanayojirudia ni mawili: kupiga 5% kabla ya kufuta deni, na kuingiza 400,000 yote kwenye gharama ilhali 250,000 iliingizwa miaka iliyopita. Na ukikuta tengo jipya ni dogo kuliko la zamani, tofauti ni mapato, si gharama.

Ratiba ya siku nane hizi: siku nne za kwanza, marekebisho ya aina moja au mbili kila siku, mazoezi sita. Siku nne za mwisho, swali zima la alama 25 hadi 30 kila siku. Swali ulilolikosa lirudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, ukianza na karatasi tupu kila mara. Ukilirudia saa ileile ulipoona jibu unapima kumbukumbu ya dakika kumi, na hiyo haitakusaidia.

Kila kosa liandike kwenye kaunta buku kwa mistari mitatu: nilifanya nini, kwa nini nilidhani ni sahihi, sahihi ni nini. Mstari wa pili ndio wenye dawa. "Nilisahau" si jibu. "Nilipiga 5% ya 8,600,000 kwa sababu ndiyo namba iliyo kwenye urari" ni jibu.

Umefaulu ukiweza kumaliza swali zima kwa dakika 50, mizania ikilingana, mara mbili kwenye maswali ambayo hukuwahi kuyaona.

## Hatua ya 6: Usuluhisho wa benki na mada nyingine (siku ya 20 hadi 22)

Usuluhisho una pande mbili, usizichanganye. Ambacho benki inakijua na wewe hukujua, rekebisha kwenye daftari lako la fedha. Ambacho wewe unakijua na benki bado, rekebisha kwenye taarifa ya benki.

Daftari lako linasema 1,240,000. Benki imekata ada 15,000, na mteja ameweka 180,000 moja kwa moja. Daftari sahihi: 1,240,000 − 15,000 + 180,000 = 1,405,000. Taarifa ya benki inasema 1,655,000. Kuna hundi ulizotoa za 450,000 ambazo hazijafika benki, na pesa uliyopeleka 200,000 haijaingizwa. 1,655,000 − 450,000 + 200,000 = 1,405,000. Zimekutana.

Fanya mazoezi matano kama hilo, siku moja inatosha. Siku mbili zinazobaki zipe mada mbili zinazofuata kwenye jedwali lako la hatua ya 2.

## Ukikwama: diskasheni na mwalimu

Diskasheni inafaa ikiwa na watu watatu au wanne, na kila mmoja amekuja na swali alilolijaribu. Mmoja afanye ubaoni, wengine wamkatize kwa kuuliza "kwa nini upande huo?" Kikao cha watu kumi hugeuka kuwa mhadhara wa mtu mmoja, na anayefaidika ni yule anayeeleza.

Kumwendea mwalimu baada ya kufeli kunatisha, na wengi hawaendi. Kinachofanya mwalimu aonekane mkali mara nyingi ni swali lisilo na mwanzo: "Mwalimu, sielewi marekebisho." Hana pa kushika. Nenda na karatasi yako yenye kazi yako, na umwandikie kwanza, hivi:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nina sapu ya Uhasibu. Nimefanya swali la 3 la mtihani uliopita, tengo la madeni nimepata 430,000 lakini jibu ni 400,000. Nadhani nimekosea mahali pa kupiga asilimia. Naomba dakika kumi za muda wako nikuonyeshe nilivyofanya, siku na saa itakayokufaa."

Ujumbe kama huo mwalimu anaweza kuujibu hata akiwa njiani. Akikupa muda, fika dakika tano mapema, uliza hilo moja, shukuru, ondoka.

## Hatua ya 7: Mitihani ya majaribio (siku ya 23 hadi 27)

Fanya mitihani mitatu kamili: siku ya 23, 25 na 27. Siku za katikati ni za kusahihisha na kurudia makosa. Fanya saa ileile ambayo sapu yako itafanyika. Kama ni saa 2 asubuhi, usijizoeze saa 4 usiku.

Muda ugawe kwa alama. Mtihani wa saa tatu ni dakika 180. Toa 10 za kusoma maswali na 10 za kukagua. Zinabaki 160 kwa alama 100, yaani dakika 1.6 kwa alama moja. Swali la alama 20 lina dakika 32, la alama 30 lina dakika 48. Andika saa ya kumaliza juu ya kila swali kabla ya kuanza. Saa ikifika, acha nafasi, nenda swali jingine. Dakika 20 za kuitafuta tofauti ya mizania zinaokoa alama moja au mbili. Dakika hizohizo kwenye swali jipya zinaweza kuleta kumi.

Uko tayari ukipata alama 55 au zaidi kwenye majaribio mawili ya mwisho, kama alama ya kufaulu ni 40. Chumba cha mtihani hula alama chache za kila mtu, kwa hiyo nafasi hiyo ni ya lazima. Ukipata chini ya hapo siku ya 25, acha mada ndogo zote na urudi kwenye marekebisho.

Usiku wa siku ya 27 usikeshe. Soma kaunta buku ya makosa kwa saa moja, weka kitambulisho, kadi ya mtihani, kikokotoo na kalamu kwenye mfuko, ulale. Uhasibu unataka macho yanayoona tofauti ya 360 na 630, na macho yaliyokesha hayaioni.

## Siku ya mtihani

Fika nusu saa kabla. Epuka kile kikundi cha mlangoni kinachoulizana maswali ya mwisho. Hakuna anachofundishwa mtu pale zaidi ya wasiwasi.

Moyo ukienda mbio baada ya kugeuza karatasi, weka kalamu chini. Vuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne, itoe polepole kwa kuhesabu hadi sita, mara tano. Haizidi dakika moja. Kisha usianze na swali la kwanza. Anza na unaloliweza zaidi. Mistari kumi ya kwanza iliyo sahihi hutuliza mkono kuliko maneno ya kujipa moyo.

Andika njia zote. Tengo ukilikokotoa, onyesha asilimia na namba uliyoipiga. Wasahihishaji wengi hutoa alama za njia hata jibu la mwisho likiwa baya, lakini hawawezi kutoa alama kwa namba iliyotokea kwenye kikokotoo bila maelezo. Anza kila swali ukurasa mpya, na kichwa cha kila hesabu kiwe na jina la biashara na tarehe. Kwa baadhi ya walimu hiyo ni alama nzima.

Mizania ikikataa kulingana, tazama zile alama za F na Z ulizoweka kwa penseli. Herufi yenye vema moja ndiyo yenye kosa mara nyingi. Usipoipata ndani ya dakika tatu, iache ilivyo. Usifute kazi yote, na usibuni namba ya kulazimisha ilingane, kwa sababu kila mstari ulio sahihi hapo juu una alama yake.

Dakika 10 za mwisho pitia vitu vitatu tu: namba ya mtihani kwenye kila kitabu cha majibu, maswali uliyojibu yawe idadi iliyotakiwa, na kila ulipoandika "tazama hesabu ya pembeni" iwepo kweli hiyo hesabu.

Ukitoka, usikae na wenzako kulinganisha majibu. Hifadhi kaunta buku ya makosa usije ukaitupa pamoja na karatasi: somo la Uhasibu la mwaka wa pili huanza na uchakavu uleule na madeni yaleyale.